Maswali na Majibu: Fundi wa Simenti Karudi Tena

*Kanisa lenye mnara pale Bagamoyo, alikolazwa Livingstone, si ndilo kanisa mama la Waanglikana?*
Silo. Tumeshajibu mara ngapi? Mnara ule ni wa Wakatoliki, Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza misheni pale mwaka 1868. Mwili wa Livingstone ulipumzishwa hapo Februari 1874, ukavushwa Unguja. Kupokea maiti ya mgeni hakubadilishi dhehebu la jengo.

*Nimehamia Muheza kutoka Dodoma. Mbona Waanglikana wa huku wanafukiza uvumba na kuungama kwa padre?*
Ninyi wa Dodoma mlilelewa na CMS, misheni ya Kianglikana iliyotanguliza mahubiri. Huku ni watoto wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu, iliyotokana na hotuba za Livingstone vyuoni Uingereza mwaka 1857, na waliokuja Magila, hapo karibu na Muheza, walikuwa watu wa Misa, mishumaa na kupiga goti. Ndiyo maana njia ya katikati ya kanisa inakupeleka moja kwa moja madhabahuni, na mimbari imekaa pembeni. Ukikuta madhabahu imezibwa na spika na kinanda, hiyo ni kazi ya kwaya, usiwasingizie wamisionari.

*Askofu Weston wa UMCA kazikwa Unguja?*
Magila. Alifariki Novemba 1924. Cheo cha Askofu wa Zanzibar ndicho kinachowachanganya.

*Kanisa letu la mawe, huku pwani ya Tanga, linabambuka lipu kila masika. Fundi anasema tuongeze simenti. Tuchangishe mifuko mingapi?*
Hata mmoja msinunue. Kuta hizo ni matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje. Simenti huuziba. Maji yanayopanda kutoka msingini hukwama ndani pamoja na chumvi yake, chokaa ya zamani inageuka unga, na lipu yenu mpya inaning'inia peke yake. Gongeni kwa kidole karibu na sakafu: ikilia kama debe tupu, ukuta umeshaachana nayo. Ibanduliwe taratibu, kwa patasi, si kwa nyundo kubwa. Ukuta uachwe ukauke kiangazi kizima, ndipo upigwe lipu ya chokaa na mchanga usio wa baharini. Kwanza lakini tazameni bati na mifereji, maana nusu ya maji hayo yanatoka juu. Na vigae vya sakafuni, mnavyovipenda sana, husukumia unyevu ukutani.

*Tunang'oa milango ya mbao kanisani, tuweke ya alumini. Rangi gani itapendeza?*
Yoyote, mradi ibaki dukani.