Hata maji yanamkwama: picha ya bariamu itaonyesha nini?

SWALI: Mume wangu ana miaka 39. Tangu Ramadhani mkate wa mofa humkwama kifuani, na maji vilevile. Usiku chakula humpanda kikiwa kizima, anakohoa. Dawa za asidi hazijamsaidia na amekonda. Sasa ameandikiwa picha ya kunywa bariamu. Kifua kilishapigwa eksirei. Kwa nini arudie? – Mama wa wawili, Malindi

JIBU: Dada, lenye uzito zaidi katika barua yako ni kwamba maji na chakula vilianza kukwama pamoja. Uvimbe unaoziba umio kwa kawaida huanza kuzuia vyakula vigumu, maji hufuata baadaye. Vikianza pamoja tunashuku misuli yenyewe, hasa akalasia: mlango wa chini wa umio haulegei mtu anapomeza. Ni ugonjwa adimu, wagonjwa wapya takriban 1 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi hutibiwa kiungulia kwanza.

Eksirei ya kifua haionyeshi umio ukifanya kazi. Bariamu ni kinywaji cheupe kinachoonekana kwenye eksirei, kwa hiyo picha zake huonyesha kinavyoshuka. Hata hivyo nendeni nayo. Kiputo cha hewa cha tumboni kikikosekana, hiyo ni dalili mojawapo ya akalasia.

Mwulizeni daktari kama bariamu itapigwa kwa kufuata saa. Mgonjwa husimama, hunywa mililita 100 hadi 200 kadiri anavyoweza bila kupaliwa, kisha hupigwa picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5. Kimo cha bariamu iliyobaki hupimwa; ikizidi sentimita 2 dakika ya 5, umio haumwagi vizuri. Kwenye akalasia, chini kabisa umio huchongoka kama mdomo wa ndege. Ugonjwa ukiwa mchanga, umio huenda usiwe umetanuka, na picha moja tu hupotosha.

Kinachoharibu picha mara nyingi ni maandalizi. Kufunga usiku mmoja hakumtoshi mtu wa hali hii, kwa sababu chakula cha jana bado kimo ndani na huonekana kama uvimbe. Siku nzima ya kabla yake anywe vya majimaji tu, kisha afunge kama atakavyoelekezwa. Amwambie mpiga picha kuwa hupaliwa. Baadaye anywe maji kwa wingi. Choo kitakuwa cheupe siku chache na huenda kikawa kigumu.

Picha ikifanana na akalasia, msiruke kamera ya umio. Saratani ya mlango wa tumbo huiga sura hiyohiyo, na kukonda kwake kunatutia wasiwasi. Kinachothibitisha ni manometria, kipimo cha nguvu za misuli, ambacho huenda kikawalazimu kusafiri.

Kwa sasa alalie mito iliyoinuka, na chakula cha usiku akile mapema. Akishindwa kumeza hata mate, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.