Kumaliza shahada kwa miaka mitatu huku anacheza futiboli

Dada, umeuliza kama mwanao anayecheza futiboli ya Kimarekani chuoni anaweza kumaliza shahada kwa miaka mitatu bila kuuharibu mpira wake. Anaweza, ila kazi kubwa iko kiangazi, si muhula wa mechi.

Shahada nyingi ni krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kila kozi), yaani 40 kwa mwaka. Vuli achukue 12 tu, na kati ya hizo afaulu angalau 9, la sivyo anaweza kukosa mechi nne za kwanza za msimu unaofuata. Muhula wa Januari apande hadi 16. Zinabaki 12 za kiangazi. Aulize mapema kama ufadhili wake unazilipia.

Masomo ya maabara asiyaweke vuli. Mara nyingi maabara hugongana na mazoezi, na Ijumaa timu huwa safarini. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki, lakini safari na matibabu ya majeraha havihesabiwi humo.

Kinachowakwamisha wengi ni kubadili fani mwaka wa pili: krediti wanazo, ila shahada mpya haizitambui. Na akianza mwaka wa tatu anatakiwa awe amekamilisha 40% ya shahada ili aendelee kuruhusiwa kucheza. Kwa hiyo kabla ya kubadili chochote, mshauri wa masomo amchapie orodha ya kilichobaki, aisome mstari kwa mstari.

Kama ana viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni Marekani, katika zile 12 za vuli kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu. Apitie kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ndipo ajisajili.