Breki Zinazokanyagwa Bila Kukusudia Wakati wa Kutua

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninajifunza urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa ndege ya Cessna 172. Kila nikitua penye upepo wa ubavuni, tairi hulia, ndege hushtuka na kuvutwa upande mmoja. Mwalimu wangu anasema nimekanyaga breki, nami sikumbuki kuzigusa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Nakuamini kwamba hukukusudia. Katika Cessna 172 pedali moja hufanya kazi mbili: ukiisukuma yote mbele unageuza usukani wa mkia, na ukiinamisha ncha yake ya juu kwa vidole unabana breki ya gurudumu la upande huo. Kwa hiyo anayeweka unyayo mzima juu ya pedali hawezi kuomba usukani bila kupewa na breki kidogo.

Kwanza tuhakikishe kwamba kosa ni breki kweli. Tuseme upepo unatoka kushoto. Umeinamisha bawa la kushoto, na mguu wako wa kulia unashikilia pedali ili pua ielekee sawa na barabara ya kutulia ndege. Gurudumu la kushoto linagusa kwanza bila tatizo. La kulia likishuka huku breki yake imebanwa, hapo ndipo tairi hulia na ndege huvutwa kulia. Lakini ikiwa magurudumu makuu yametua kimya, na ndege ikageuka pale tu gurudumu la pua lilipogusa chini, breki haihusiki. Gurudumu hilo huongozwa na pedali zilezile mara tu linapobeba uzito, na wewe hukurudisha pedali katikati kabla halijashuka. Makosa haya mawili huchanganywa mara nyingi, na tiba zake ni tofauti.

Breki hukamata upesi hivyo kwa sababu, wakati wa kugusa chini, mabawa bado yanabeba sehemu kubwa ya uzito wa ndege. Tairi linakandamizwa kidogo tu, kwa hiyo hata mbano mdogo hutosha kulizuia lisizunguke, likaburuzwa juu ya lami hadi likalika mahali pamoja au kupasuka.

Tiba huanza kabla hujawasha injini, kwenye kiti. Ukikaa mbali mno, mguu hunyooka kabisa unaposukuma pedali hadi mwisho, na vidole ndivyo vinavyomalizia safari, yaani juu ya breki. Ukikaa karibu mno, magoti hukunjana na nyayo hupanda zenyewe. Sogeza kiti mpaka uweze kufikisha pedali mwisho huku goti likiwa bado limekunjika kidogo, kisha kitikise kuhakikisha kimejifunga kwenye reli. Kama wewe ni mfupi, weka mto mgumu mgongoni. Vaa viatu vyenye soli nyembamba. Buti nzito hukunyima hisia ya pedali.

Sasa angani. Marubani wengi hufundishwa kujaribu breki kwa vidole wanaposafiri sambamba na barabara kabla ya kugeuka kutua, na ni desturi nzuri, ila miguu iliyopanda kwa jaribio hilo mara nyingi husahaulika hukohuko juu. Nadhani tatizo lako linaanzia hapo. Ukishageuka kuelekea barabara, sema kwa sauti, “Visigino sakafuni,” na uviburute chini hadi uhisi sakafu. Nyama ya unyayo iliyo nyuma ya vidole iguse sehemu ya chini ya pedali, na kisigino kiteleze sakafuni unaposukuma. (Ukija kurusha Piper J-3 Cub, kumbuka kwamba breki zake hukanyagwa kwa visigino, kwa hiyo agizo hili halifai huko.)

Wilson nako kuna jambo lake. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo kipimo cha kasi kikionyesha noti 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa), kasi yako halisi ni zaidi ya noti 70. Ardhi inapita haraka kuliko ulivyozoea, na mguu hukimbilia breki kwa hofu. Subiri. Shusha pua taratibu, vuta usukani wa mkono nyuma huku umeugeuzia upande unakotoka upepo, acha kasi ipungue, ndipo upandishe vidole kwa kukusudia na kubana pande zote mbili kwa usawa.

Mwombe pia mwalimu akuonyeshe miguu yake ilipo, maana pedali za upande wake nazo zina breki.

Kwa sasa, baada ya kila kutua kwa namna hiyo, shuka ukague matairi makuu, ukiomba ndege isukumwe kidogo ili uone mzingo wote. Ukikuta doa bapa ambapo nyuzi zimeanza kuonekana, mwite fundi kabla mwanafunzi anayefuata hajapanda.