Barua kwa mwanangu: Wanaobaki na kamba mkononi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, na zile picha za ngome ya Colditz, huko Ujerumani, nimezitazama moja moja. Mama yako kaishika ile ya darajani, anataka kujua kama koti ulilovaa linatosha kwa baridi ya huko. Mjibu yeye kwanza.

Mimi nakujibu hili la ndege. Umeniandikia kuwa mwongozaji wenu aliwaonyesha paa la kanisa la ngome, akawaambia kwamba wakati wa vita vya Hitler maofisa wa Kiingereza waliofungwa humo waliunda ndege darini, isiyo na injini, wakakusudia kuirusha kutoka juu ya paa lile. Umeuliza mawili: ingerukaje, na je, baba, wewe ungepanda?

La kwanza nalimudu. Nimeshika winchi bandarini miaka 31, na kwa jinsi ninavyoiona, ile ilikuwa kazi ya winchi.

Ndege ya aina hiyo, glaida, ikishakuwa hewani haina shida kubwa. Hujiteremkia juu ya hewa kama baiskeli mteremkoni, na ikikuta upepo unaopanda, hupanda nao. Shida yake iko mwanzo: lazima apatikane mwingine wa kuipa mwendo. Unakumbuka siku tuliyokwenda kushua jahazi la babu yako mdogo? Kijiji kizima kilikuwa pwani, mabega ubavuni mwa chombo, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, kila kiitikio hatua moja juu ya magogo. Kisha chombo kikaingia maji, kikawa chepesi ghafla, nahodha na watu wake wakaenda zao. Sisi tukabaki tumelowa hadi kiunoni, tunakitazama. Ulilia ukitaka kupanda.

Glaida nayo hushuliwa. Hukohuko Ujerumani uliko, baada ya vita vya kwanza, mkataba wa amani wa Versailles uliwabana watu wasiunde ndege za injini wapendavyo. Vijana wakapanda mlima Wasserkuppe, wenye mita 950, na kuanzia mwaka 1920 wakawa wanashindana pale kila kiangazi kwa ndege zisizo na injini. Walizirusha kwa manati. Katikati ya kamba nene ya mpira waliiweka kwenye kulabu iliyo puani mwa ndege, ncha mbili wakazishika watu, kundi kushoto na kundi kulia, huku wengine nyuma wameung'ang'ania mkia. Amri zilikuwa tatu: nyoosheni, kimbieni, achia! Makundi yanakimbia kuteremka mlima, mpira unavutika hadi mwisho, mkia unaachiwa, na ndege inapita juu ya vichwa vya haohao walioivuta. Kamba hudondoka yenyewe kwenye kulabu, maana kulabu iko wazi. Uingereza, kwenye kilima cha Long Mynd, wapo wanaorusha hivyo mpaka leo.

Sasa rudi Colditz. Pale hapakuwa na mteremko wa kukimbilia wala kamba ya mpira. Palikuwa na paa lililo juu sana ya mto Mulde, ambalo mmoja wao, Tony Rolt, aligundua kwamba walinzi hawaoni mgongo wake. Bill Goldfinch akachora na kupiga hesabu kwa msaada wa kitabu cha uundaji ndege kilichokuwa maktabani mwa gereza lenyewe, naye Jack Best akaongoza useremala. Walijenga ukuta wa uongo darini wakajificha nyuma yake, kwa kuwa Wajerumani walizoea kutafuta mahandaki, macho yao yako chini. Mbavu za mabawa zilitoka kwenye mbao za vitanda, mihimili kwenye mbao za sakafu, nyaya za usukani kwenye nyaya za umeme za vyumba visivyotumika. Ngozi ya ndege ilikuwa kitambaa cha mifuko ya kulalia, cha miraba ya buluu na nyeupe, wakakipaka mtama uliochemshwa ili matundu ya nyuzi yazibe. Wenye njaa wakaipaka ndege chakula! Hilo limenikaa moyoni kuliko yote.

Mabawa yalikuwa na urefu wa karibu mita 10 kutoka ncha hadi ncha, na ndege nzima ilikuwa na uzito wa kilo 109 hivi. Nafasi za watu mbili tu.

Na kuishua? Beseni la chuma la kuogea, lililojazwa zege. Kamba inafungwa kwenye beseni, inapita kwenye kapi, ncha ya pili inashika ndege. Juu ya mgongo wa paa zinapangwa meza ziwe njia ya mita 18. Beseni linasukumwa, linaanguka, ndege inavutwa. Wazo lenyewe halikuwa jipya, kwani ndugu Wright, wale Wamarekani waanzilishi wa ndege za injini, walikuwa wakidondosha uzito kutoka kwenye mnara kuirusha ndege yao mwaka 1904. Lakini wao walikuwa uwanjani, kwenye nyasi.

Jana usiku nimelipigia hesabu nyuma ya kalenda. Nimelipa beseni tani moja, ndege na watu wake wawili robo tani. Kamba ikikaza, vyote vinakwenda pamoja, na mita 18 zinakwisha kwa sekunde mbili na kitu. Pasipo msuguano ndege ingefika ukingoni kwa kilomita 60 kwa saa. Toa msuguano wa mbao na kapi, unaikuta ile 50 waliyoitegemea wao. Hesabu yao inasimama, mwanangu. Kinachonitisha ni kwamba winchi ina breki. Mzigo ukienda upande, nausimamisha. Beseni likishaachiwa, hakuna wa kulisimamisha.

Kuna njia nyingine niliyoisoma zamani, nayo nadhani inahitaji moyo zaidi ya hiyo. Mei 1945 ndege ya Marekani ilianguka milimani katika kisiwa cha New Guinea ikiwa na watu 24, wakapona watatu: Margaret Hastings, John McCollom na Kenneth Decker. Bonde lililokuwa karibu halikuwa na mahali pa ndege kubwa kutua. Askari wa miavuli wakashuka kuwauguza, na mwishoni mwa Juni ikateremshwa glaida. Kuitoa, walisimamisha nguzo mbili, wakatandaza juu yake zote mbili kitanzi cha kamba iliyofungwa puani mwa glaida. Ndege ya injini ikapita chini kabisa, haigusi ardhi, imening'iniza kulabu, ikakinasa kitanzi, na glaida ikaondoka nayo. Mtu wa kamba atauliza mara moja: mbona haikukatika? Kamba haikatwi na uzito, hukatwa na mshtuko. Ya kwao ilikuwa ya nailoni, inayovutika, na ndani ya ndege kulikuwa na pipa la winchi lenye breki, likiachia kamba kidogo kidogo mpaka mwendo ulingane. Aliyebuni lile pipa ningempa mkono.

Wapo pia waliorusha glaida kwa roketi, palepale Wasserkuppe mwaka 1928. Na California mwaka 1905 Daniel Maloney alipandishwa na puto akaachiwa angani, mara kadhaa salama, kisha Julai akafa. Hizo sizisifu.

Swali lako la pili. Ndege ya Colditz haikuruka. Baada ya wafungwa 50 waliotoroka kambi nyingine kuuawa mwaka 1944, iliamuliwa ibaki akiba, itumike iwapo SS, askari wa chama cha Hitler, watataka kuwamaliza mateka. Aprili 1945 Wamarekani wakaifikia ngome, na ndege ikapotea baadaye. Lakini nakala yake iliruka Uingereza mwaka 2000 mbele ya wazee walioiunda, na mwaka 2012 nyingine, isiyo na mtu, ikarushwa kutoka paa lilelile, ikavuka mto.

Kwa hiyo ingeruka, na mimi nisingepanda. Ningeomba nishike beseni. Fikiria walinda zamu, waliochana vitambaa, waliokoroga mtama, wote wakijua nafasi ni mbili na kwamba asubuhi walinzi watawakuta wao. Kazi yangu yote nimekuwa upande huo wa kamba, na wewe ulipopanda ndege kwenda huko nilikuwa upande huohuo.

Ukirudi Colditz, vuka daraja uende malishoni ng'ambo ya mto. Hesabu hatua kutoka ukingoni mpaka pale unapoona mahali pazuri pa kutua, uniandikie idadi. Kalenda bado ina nafasi.

Baba yako