Social Security wamenikatalia mafao ya ulemavu: niende mahakamani au nijaze fomu upya?

Swali: Niko Texas, nilikuwa nabeba mizigo ghalani mpaka mgongo ukagoma. SSDI, yaani bima ya ulemavu ya Social Security, wamenikatalia kila hatua, jaji wao kanikatalia, juzi na baraza lao la rufaa limekataa kuipitia. Nina MRI mpya ya mwezi uliopita, inaonyesha mgongo umezidi kuharibika. Niipeleke mahakama ya shirikisho au nianze upya kama wenzangu wanavyonishauri?

Jibu: Dada, hiyo MRI iweke pembeni kwanza. Kila mara napigiwa na mtu ana bahasha ya vipimo anataka jaji "ajionee mwenyewe", jamani, haoni! Jaji wa shirikisho hakuiti, hakuulizi unaumwa wapi, anasoma lile lile faili la zamani na kuangalia kama jaji wa Social Security alifuata sheria na kama uamuzi wake una ushahidi wa kuubeba, na ushahidi wenyewe wala hauhitaji kuwa mwingi, Mahakama ya Juu ilishasema hivyo 2019 kwenye kesi ya Biestek. Kipimo kipya kinaingia kwa nadra sana, mpaka kihusu kipindi kile kile na uwe na sababu ya maana kwa nini hukukileta mapema.

Kwa hiyo chukua ile hukumu ya jaji wa Social Security, soma pale alipoandika bado unaweza kazi gani. Daktari wako kasema huwezi kukaa zaidi ya dakika 20, yeye kaandika unaweza kukaa masaa 6 kwa siku na hajaeleza kwa nini kamtupa daktari? Hapo kuna kesi. Kaeleza vizuri ila wewe hukubaliani tu? Mara nyingi hapo hakuna kitu. Na hata ukishinda usitegemee cheki kesho, wengi wanarudishwa kusikilizwa upya.

Sasa hao wa "jaza upya tu" ndio wananichosha kabisa. Bima ya SSDI ina tarehe ya kuisha, kwa aliyefanya kazi mfululizo ni kama miaka 5 baada ya kuacha, ikishapita fomu mpya inabidi ithibitishe ulemavu ulianza kabla ya hapo, na kipindi alichokwisha kuamua jaji kwa kawaida hawakifungui tena. Ukiacha siku 60 za kwenda mahakamani zikapita, malimbikizo ya miaka yote hiyo umeyaaga. Na hulazimiki kuchagua, kesi inaenda na ombi jipya unaweka, MRI yako kazi yake iko huko.

Siku hizo 60 zinahesabiwa toka upokee barua ya baraza la rufaa, wao wanachukulia ni siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Ada ya kufungua kesi ni dola 405, huna unaomba msamaha. Wakili wa kesi hizi analipwa kwenye malimbikizo ukishinda, asilimia 25 mwisho. Hawa "mawakala" wa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaotaka hela mkononi kwanza, asiye wakili anaruhusiwa kukusimamia mbele ya Social Security na malipo yake lazima wayaidhinishe, lakini mahakama ya shirikisho haruhusiwi kabisa. Akikwambia atakujazia karatasi za mahakama ila jina lake lisionekane popote, mkimbie.