Matairi ya kiwandani yameisha: je, nifunge AT?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nina Hilux, na matairi iliyotoka nayo kiwandani, saizi 265/65R17, yameisha. Ya mbele ndiyo mabaya zaidi: ukingo wa nje umekuwa kipara, wa ndani bado una meno. Nabeba saruji na mabati kutoka Malindi hadi Marafa na vijiji vya ndani karibu kila siku. Mombasa nakwenda mara moja kwa mwezi. Nataka kufunga AT, yaani matairi ya njia zote, ya lami na ya vumbi, lakini muuzaji ananihimiza nichukue 265/70R17 ili gari liinuke. Wasemaje? Msomaji, Malindi.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa njia zako, AT yanakufaa. Ungekuwa mtu wa lami tu ningekwambia ubaki na ya kawaida, kwa sababu AT ni mazito, yana kelele, yanakula mafuta zaidi, na lami ikilowa gari huchelewa kidogo kusimama. Hilo likumbuke masika ukielekea Mombasa.

Ila usitoe pesa kabla hujajua kwa nini ya zamani yalikufa. Ukingo wa nje kulika peke yake ni alaimenti, yaani magurudumu hayakai sawa. Kingo zote mbili zingelika, katikati pakabaki na meno, ningesema ulikuwa ukibeba saruji na upepo mdogo. Nimemwona mteja akifunga manne mapya, na ya mbele yakaisha kabla ya mwaka kwa ajili ya boljointi iliyolegea. Kwa hiyo kagua boljointi na tairodi, viungo vya magurudumu ya mbele na usukani, kwanza, badilisha kilicholegea, funga matairi, ndipo upime alaimenti.

Kuhusu saizi, sikubaliani na muuzaji. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 265/70R17 ni 803. Gari litainuka milimita 13 tu, upana wa kidole. Kwa hicho kidole, mita ya mwendo itasoma 100 nawe unakimbia 103, injini itavuta mzigo kwa shida zaidi, na tairi huenda likasugua madigadi ukikata kona. Baki na saizi yako.

Angalia ubavuni. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya ile ya kiwandani. Yenye herufi LT, ya magari mepesi ya mizigo, yana ubavu mgumu, jambo jema kwa mawe makali ya matumbawe kama unapita kando ya bahari, maana ubavu ukichanika hauzibiki kwa usalama. Lakini LT hutaka upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule, na gari tupu litakurusha. Kisha, hapohapo ubavuni, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa miaka mingi dukani, hata likiwa linang'aa, mpira wake umeshazeeka.

Nunua manne kwa pamoja, na spea ya saizi hiyohiyo. Ukichanganya vipenyo kisha ukaweka foo-wili kwenye njia ngumu, difu na giaboksi ndizo zitakazolipa.

Kwenye mchanga mzito, gari likiwa tupu, shusha upepo hadi paundi 18 hivi uende taratibu bila kukata kona kwa ghafla. Ukiwa na saruji usishuke kiasi hicho. Kabla ya kugusa lami rudisha upepo wote, kwani tairi laini likikimbizwa kwenye lami hupata moto na kupasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri iwe ndani ya gari siku zote.

Ukishafungiwa, nenda kilomita 80 hivi, kisha kaza nati upya.