Filamu ya Kwanza Ukiwa Ugenini: Njia Aliyopita Hiner Saleem

Msomaji aliyehamia Ulaya anauliza: bila chuo cha filamu wala mtayarishaji, anaanzaje kutengeneza filamu kuhusu watu wa kwao? Namwelekeza kwa Hiner Saleem, Mkurdi aliyezaliwa 1964 huko Aqrah, kaskazini mwa Iraki. Aliikimbia nchi akiwa na miaka 17, akamalizia shule Italia na kuingia chuo kikuu, kisha akahamia Ufaransa. Mwaka 1992, baada ya Vita vya Ghuba, alirekodi kwa siri hali ya maisha ya Wakurdi wa Iraki, na picha hizo zikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Venice, Italia.

Mtaji wake ulikuwa huo: mlango uliofungwa kwa wengine, kwake wazi. Wewe unao upi? Usiniambie kamera.

Ukirekodi kwa siri, nakili kazi ya siku kwenye diski mbili usiku huohuo, na kila moja isafiri na mtu wake. Majina ya wahusika yasiwe kwenye diski wala kwenye simu. Kuficha sura baadaye kwa kompyuta hakutoshi, kwa kuwa sauti, pete au ukuta wa nyumba humtambulisha mtu. Bora upige mikono na migongo tangu mwanzo.

Filamu yake ndefu ya kwanza ya kuigiza ilihusu Wakurdi wa Paris, na hapo wengi hawamsomi vizuri. Wanaoanza hungoja nauli ya kurudi kwao ndipo wapige filamu, ilhali mtaa wa wahamiaji uko hapo nje, na waigizaji wanaijua lugha bila kufundishwa.

Filamu yake *Vodka Lemon*, iliyopata tuzo ya San Marco huko Venice mwaka 2003, aliipiga Armenia, kwenye kijiji cha Wakurdi Wayazidi (wafuasi wa dini ya Kiyazidi) kilichojaa theluji. Anayetaka kufuata huko ajue kwamba baridi hunyonya betri: beba za akiba nyingi kuliko kawaida, uziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kamera ikitoka nje kuingia chumba chenye moto, lenzi hushika unyevu, hata ndani yake. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado nje, usiufungue hadi kamera ipate joto la chumba. Theluji nayo huidanganya kamera, picha ikatoka ya kijivu. Kwenye mipangilio ya kamera, ongeza mwanga unaoingia kwa hatua moja au moja na nusu (kila hatua huuzidisha mara mbili).

Fedha za filamu hiyo zilitoka Ufaransa, Italia, Uswisi na Armenia. Mfuko wa nchi wa kufadhili filamu kwa kawaida hudai kampuni iliyosajiliwa humo, kwa hiyo tafuta mtayarishaji mwenyeji kabla ya kujaza fomu. Maombi mengi hukwama kwenye haki ya kutumia hadithi: hadithi ni ya shangazi, na shangazi hajasaini popote. Msainishe mapema, kwa lugha anayoisoma, kabla binamu hawajasikia habari za fedha.